Tochi Nyekundu na Mgongo wa Zefania

Telesphor hakuwa na cheti. Hakuwa na zahanati, wala kitanda cha mgonjwa, wala koti jeupe la kwake. Alilovaa lilikuwa la muuza nyama mmoja aliyehamia Inyonga. Aibu hakuwa nayo tangu kuzaliwa. Hakuwa hata na kabila la kudumu: akikutana na Msukuma alikuwa Mzaramo, akikutana na Mnyamwezi alikuwa Mfipa, ili mradi awe mtani wa mteja, kwa kuwa mtani huaminiwa upesi na hakasirikiwi. Alichokuwa nacho ni pikipiki nyekundu, mdomo, na kitochi chembamba cha mwanga mwekundu ambacho walimu hutumia kuonyeshea ramani ukutani.

Fursa aliiona mgahawani, Mpanda mjini. Zefania, mfanyabiashara wa tumbaku na asali, alikuwa ametoka kupasuliwa uti wa mgongo katika hospitali ya mbali, na sasa alimlalamikia kila aliyekunywa chai. Eti madaktari wanataka arudi! Eti kuna mashine ya leza hafifu ya kusaidia kutuliza maumivu, na mazoezi ya kila siku mbele ya mtaalamu. Zefania alikuwa na maghala mawili, lakini nauli ilimuuma kuliko mgongo.

Telesphor alilisikia neno leza. Neno mazoezi lilimpita, kama lilivyompita Zefania mwenyewe, na hapo ndipo mjanja na bahili walipokubaliana kabla ya kusalimiana.

"Mnyamwezi wewe," alisema akivuta kiti, "nenda huko wakuchoshe ufe. Sisi Wafipa tutakuja msibani kula asali yako."

Zefania akacheka akishika kiuno. Kesho yake leza ya Telesphor, yaani kile kitochi, ilikuwa nyumbani kwake. Telesphor alisimama uani akawatangazia majirani, akiwemo Mama Rabia wa duka la jirani, kwamba yeye ni mtani wa nyumba ile: chao ni chake, na chake ni chao. Kisha akaingia ndani kutibu.

Tiba ilikuwa hivi. Mgonjwa alilala kifudifudi mkekani, na daktari akapitisha kidoa chekundu juu ya kovu, kwenda na kurudi. Kitochi hakikuwa na sauti, na mashine isiyo na sauti haiheshimiwi, kwa hiyo Telesphor aliguna mwenyewe kwa pua kama jokofu. Akimaliza, aliondoka na ndoo ya asali.

Zefania alisifu. Mtu aliyelipa ndoo ya asali hawezi kukubali upesi kwamba amemulikwa bure. Lakini mkewe, Nyanzala, alikuwa akitazama kandambili. Ile ya kushoto ilianza kumvuka mumewe bila yeye kujua. Alifika chooni na moja, nyingine imebaki mlangoni. Mguu ulikuwa unakufa ganzi, na hospitali walishaonya kwamba ganzi ikianza asingoje. Nyanzala akamuuliza daktari wa kitochi.

"Ganzi ni ugonjwa unaaga, shemeji," alisema Telesphor.

"Unaoaga ni mguu," alisema Nyanzala.

Siku hiyohiyo kidoa kiliteleza kutoka kwenye kovu kikaanguka sakafuni, na paka wa nyumbani akakirukia. Telesphor akakisogeza, paka akafuata. Nyanzala alimtazama paka, akamtazama mumewe aliyelala kimya akipona, na kwa muda hakuona tofauti kubwa.

Akatoka uani. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa, ufunguo umeachwa palepale kama kwa ndugu. Akauchomoa akaufunga kwenye pindo la kanga, akamwita Mama Rabia ashuhudie.

"Mtani wangu, hii nimechukua," alimwambia Telesphor alipotoka na ndoo yake. "Cheka basi."

Telesphor akacheka. Angefanya nini? Mtani akikuchukulia kitu ukaenda polisi, wewe si mtani; na kama si mtani, basi ni nani huyo aliyeingia kwa watu na kitochi? Akauliza atoe fidia gani kuikomboa pikipiki. Nyanzala akamwambia anataka barua kwa mwenyekiti wa mtaa, ya mkono wake mwenyewe, isomwe mkutanoni: kwamba leza yake ni kitochi na yeye si daktari.

Telesphor alijivuta. Kwa wiki kadhaa alitembea kwa miguu mji mzima akitafuta ujanja, jua likamkausha hata maneno. Mwisho akaketi akaandika yote, akasaini bila neno Daktari, mara ya kwanza tangu aanze kunyoa ndevu. Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba.

Mlangoni pikipiki ikapiga honi. Alikuwa Dulla, bodaboda wa stendi, ametumwa na Nyanzala kwa simu kuja kuchukua barua. Telesphor aliitazama ile pikipiki: nyekundu, na mkwaruzo wake uleule kwenye tangi.

"Hii umepata wapi?"

"Nimeuziwa na Mama Nyanzala," alisema Dulla. "Kadi ya pikipiki bado ina jina la binamu yangu, kumbe wewe hukuwahi kumlipa, naye akaridhia tuuziane. Mama amepata nauli, amempeleka mzee hospitali. Anasema huko wana leza ya kweli, wakishammulika wanamnyanyua afanye mazoezi mpaka analia. Kandambili haimvuki tena."

Telesphor alisimama na bahasha mkononi.

"Amesema ucheke," Dulla akaongeza.

Akacheka kidogo, akampa barua. Dulla akaitia mfukoni, akaiwasha pikipiki kwa teke, barua ikaenda kwa mwenyekiti.