Taa Tatu za Studio na Tumbawe la Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kaondoka asubuhi. Kozi ya wiki nne! Kaniachia nyumba, ufunguo wa kabati na tumbawe lake la kahawia, lile linaloishi kwenye tangi la maji ya chumvi sebuleni. Amelilea miaka miwili tangu likiwa dogo kama kifungo. Amesema taa ya buluu niiwashe saa mbili asubuhi, niizime saa kumi jioni, nisiguse kitu kingine. Akaongeza, bila hata kucheka, kwamba likifa, tangi zima linahamia kwa kaka yake.

Kwa shemeji! Fundi saa yule anayejiona profesa kwa sababu taa za tangi lake zinajiwasha zenyewe. Sikubali.

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Tumbawe hukua kwa mwanga. Na mimi ni nani? Mpiga picha! Mwanga ndio kazi yangu. (Wateja hulalamika kwamba wanatoka weupe mno. Hawajui sanaa.) Ile taa ya buluu haifai hata kutafutia sindano. Nimeleta taa tatu za studio, nimezipanga kama kwa bibi harusi: moja mbele, mbili ubavuni. Zitawaka kwa muda wa saa kumi na nne kila siku. Mke wangu atakuta tumbawe kubwa kama kabichi! Nimeosha vyombo huku naimba.

Alhamisi, 6 Machi
Samaki wetu mmoja amejificha nyuma ya jiwe. Anaona haya tu, hajazoea kupigwa picha. Maji yana uvuguvugu. Kioo kimeota ukijani. Ukijani ni uhai! Nasonga mbele.

Jumapili, 9 Machi
Ushindi! Tumbawe limetakata. Ukahawia wote umetoka, jeupe pepepe. Kumbe miaka yote hiyo lilikuwa chafu! Nimemtumia shemeji picha ili wivu umle vizuri. Akapiga simu papo hapo, akauliza kwa sauti ya chini nimefanya nini. Wivu huo. Nikamwambia aje Jumatano ajionee mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepita kwa muuza samaki wa mapambo kujigamba. Bora nisingekwenda. Alipoona picha aliketi kwanza. Akasema ule ukahawia haukuwa uchafu. Ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaishi ndani ya tumbawe na kulilisha. Mwanga mkali na joto vimeufukuza, na sasa tumbawe lina njaa. Akaniuliza kama nina hakika mwanga ndio kazi yangu. Akasema nirudishe taa ya buluu, nipunguze makali yake, halafu nisubiri.

Nimelia kidogo sebuleni. Samaki kaniona.

Jumatano, 12 Machi
Shemeji anakuja saa tisa! Taa za studio nimezirudisha studio mbio mbio, nikawasha ile ya buluu. Nimekata chandarua, nikafunika tangi juu mpaka chini asione kitu. Kafika, kainama, akauliza chandarua cha nini. Nikasema mbu. Akauliza mbu wa samaki? Nikasema ndiyo, mwaka huu wamezidi. Akatazama mwanga wa buluu unavyochujika kwenye matundu, akasema leo kwa mara ya kwanza nimefanya jambo la akili, chandarua nikiache hivyo hivyo mpaka dada yake arudi. Sikuelewa hata neno moja. Nikaitikia kwa kichwa kitaalamu.

Jumamosi, 29 Machi
Mke wangu kafika! Hata viatu hajavua, kafunua chandarua. Nilifumba macho. Nilipofumbua, ukahawia ulikuwa umerudi! Pembeni bado peupe, lakini li hai! Akauliza mbona limepauka. Nikasema nimeliokoa. Akauliza kutoka kwa nani. Nikaenda kuchemsha chai.

Kumbe shemeji alishamsimulia kila kitu. Niliporudi na vikombe nikamkuta anacheka, kakaa sakafuni, machozi yanamtoka. Kasema tangi linabaki. Linabaki! Nimembusu yeye, nikabusu na kioo.

Jumapili, 30 Machi
Mke wangu kaenda kumsalimia kaka yake. Nimepata utulivu, nimetafakari kosa langu kwa kina. Nimeligundua! Mwanga ndio adui. Tumbawe linapenda giza. Sasa kama kipande cha chandarua kimefanya maajabu haya, mablanketi matatu je? Nimeshalifunika tangi, mablanketi nimeyafunga kwa kamba. Akirudi atashangaa.

Samaki amejificha tena nyuma ya jiwe. Anaona haya tu.