Kashata za Kiporo

Jumatano, 6 Agosti 2025
Lynnette, mke wangu, amerudi kutoka mkutano wa akina mama wa kanisa hapa Chaani na sufuria nzima ya viazi vya kuponda vilivyobaki. Kaniambia nitafute wa kumpa. Nimevitazama mpaka chai ikapoa. Laini, vyeupe, kama mawingu ya asubuhi.

Jirani yetu, Bi Kuluthum, aliwahi kunihadithia kwamba nyanya yake alipika kashata za viazi: viazi, sukari, nazi, iliki. Jumamosi anamwoza mjukuu wake Samah, na mikono yake haiwezi tena kukoroga. Barakat mwenye duka amejitolea kuleta peremende za pakiti. Za pakiti, kwenye harusi ya watu wale.

Nimevuka ua, nikamwamkia, nikamwambia kashata aniachie mimi. Akaniambia:

"Wallahi, Jacktone, nilidhani nitakufa sijazionja tena."

Sijawahi kupika hata uji.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemimina sukari yote kwa pamoja. Viazi vikalegea, vikawa majimaji. Nikakaa kando ya jiko nikiwaona wageni kutoka Shanzu wakiulizana fundi ni nani, na mimi nikijifanya sisikii. Ndoto nzuri sana. Chini kukaungua.

Nimeokoa ya juu. Lynnette kauliza kama nilionja kwanza, maana viazi vile vilitiwa vitunguu na chumvi. Nimemjibu iliki itafunika.

Ijumaa, 8 Agosti
Zimekataa kuganda. Nimeongeza unga wa muhogo. Zimeganda. Nimezikata kwa panga.

Barakat kapita, kaniuliza kwa upole kama najenga. Akasema peremende zake zipo, nikizihitaji nisione haya. Nimemwambia atazila mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimepeleka sinia. Bi Kuluthum akachukua kipande, akafumba macho. Nami nikafumba yangu. Nikaona kibanda cha buluu barabara ya Magongo, jina langu juu ya mlango, watu wamepanga foleni hadi kituoni.

Nilipofumbua, alikuwa bado anatafuna.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "za nyanya yangu hazikuwa na vitunguu."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio, na Samah akaja mbio kuuliza kuna nini. Sinia likasukumwa chini ya kitanda. Barakat akagawa peremende bila kunitazama, jambo lililoniuma kuliko maneno.

Bi Kuluthum akanishika mkono. Akasema viazi vilichemshwa vitupu, vikapondwa siku hiyo hiyo; havikuwa kiporo. Kisha: "Lakini umekoroga kwa ajili yangu. Kaa ule."

Nimekula sahani mbili za pilau.

Jumapili, 10 Agosti
Bi Kuluthum ametuletea bakuli la pilau iliyobaki. Lynnette anataka tuile mchana.

Nimeifunua. Iliki imo tayari. Mdalasini umo. Zabibu zimo. Yaani nusu ya kazi mtu ameshanifanyia.

Nimemwambia Lynnette imechacha. Nyama nitaichambua.