Josho Si la Ng'ombe

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Bi Everlyne Nanjala,
Meneja wa Fedha na Bei,
Idara ya Maji ya Mji.

KUHUSU: MAJI YA JOSHO LANGU

Bi Nanjala mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na wenzako, na mifereji ya ofisini kwenu ikitoa maji. Mimi si mzima. Miguu imevimba, moyo umechoka, na daktari wangu, aliyenikataza chumvi miaka yote, juzi ameniruhusu nile nipendacho. Mtu mwenye akili huelewa maana yake. Kwa hiyo naandika kwa mkono wangu kabla haujakataa.

Mwezi uliopita nilimtuma binti yangu Shukri alete ombi dogo dirishani kwenu. Niliomba kulipia mapema, kwa bei ya sasa, maji ya josho langu, kwa kuwa nasikia bei mpya zinaanza karibuni nami sijui nitakufa upande gani wa tarehe hiyo. Nilidhani ofisi ya fedha ingefurahi. Ni wateja wangapi huwalipa kabla ya kufungua mfereji? Badala yake nimepata malalamiko, nayo ni haya.

1. Kijana wenu wa dirishani, Dancan, mpole na mwenye tai nzuri, aliliandika ombi langu chini ya kundi la Mifugo. Sisi watu wa Mvita tukisema josho twakusudia kuoga kwa ibada, na la mwisho ni lile ambalo mtu huoshwa na wenziwe akisha kufa. Kwao Dancan, josho ni lile handaki lenye dawa ambamo ng'ombe hutumbukizwa ili kupe wafe. Alimwuliza Shukri ni wangapi. Shukri akajibu ni mmoja, tena mzee. Akamwuliza kama anakula vizuri. Shukri akasema siku hizi anabagua. Dancan akamwonea huruma, akamshauri amuuze kabla hajakonda zaidi. Binti yangu alirudi nyumbani na hasira ambazo mpaka leo hazijaisha.

2. Wiki iliyofuata alikuja mkaguzi, Ronald, kuhakikisha kwamba josho lina mtaro wa kutolea maji ya dawa. Nyumba yetu ni ya ghorofa, na ngazi zake ni nyembamba hata mimi hupandishwa kwa kusukumwa. Ronald alisimama chini akazitazama sana.

"Mzee," akaniuliza, "ng'ombe anapandaje hapa?"

Nikamwambia anayepanda ni mimi, na kushuka nitashushwa. Akaandika kwamba mnyama anafugwa chumbani kwangu, jambo lililo kinyume cha sheria za afya. Sasa nina onyo, pamoja na agizo la kuleta cheti cha daktari wa mifugo. Nimemwonyesha daktari wangu wa moyo. Amecheka hadi akasahau kunipima.

3. Mgao. Kibokoni maji huja Jumanne na Ijumaa, usiku, kwa kunyata kama mtu anayekwepa wadai. Nyinyi ndugu zetu wa bara, nasema kwa heshima, mkifiwa mna nafasi: maiti hukaa mochari, jamaa wakakutana, wakachanga, wakasafiri. Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri keshazikwa. Kwa hiyo mtu wa Kibokoni akifa Jumatano amewakosea waoshaji wake. Nimejitahidi. Jumanne mbili zilizopita nililala mapema, nikaleta shahada, nikawasamehe hata majirani. Jumatano zote mbili nimeamka na njaa. Naomba siku ya tatu iongezwe, au nipewe ruhusa kwa maandishi ya kufa siku ya mgao wa mtaa wa Buxton, nichukuliwe ni mkaazi wa huko kwa muda.

4. Kima cha chini. Josho ni ndoo chache tu. Lakini kwa bei zenu, anayefungua mfereji hata mara moja hulipia kima cha chini cha mwezi mzima. Nikifa tarehe mbili, siku zote zitakazobaki nitakuwa kaburini nikilipia maji nisiyoyanywa. Mtasema kwamba hata tulio hai huku Kibokoni twalipia maji tusiyoyanywa. Ni kweli, lakini aliye hai ana faida ya kulalamika.

5. Dancan alimweleza Shukri kwamba akaunti ya maji hufungwa na mwenye akaunti tu, afike mwenyewe na kitambulisho. Nina nia ya kutii sheria. Naomba tu foleni ya siku hiyo isiwe ndefu, kwa maana sitaweza kusimama, na watakaonibeba wana kazi zao.

Sasa, Bi Nanjala, nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi. Usimwadhibu Dancan. Neno lile nililitia mimi.

Kabla hujazaliwa nilikuwa karani katika sehemu hiyo hiyo ya bei. Bei zilikuwa kwa Kiingereza, nikaagizwa nizitafsiri. Nilipofika kwenye handaki la kuogeshea ng'ombe, mkuu wangu, mtu wa bara, akaniambia kwao huitwa josho. Nilijua kwamba kwetu neno hilo ni la watu, na la heshima. Nilijua pia kwamba ilikuwa Ijumaa, saa ya kutoka imekaribia, na nyumbani kumepikwa biriani. Nikaliandika. Tangu siku hiyo maiti wote wa kisiwa hiki, kwa mujibu wa karatasi zenu, wamo zizi moja na ng'ombe, nami nataka kutubu kabla sijajiunga nao.

Toba bila fidia haitoshi. Kwa hiyo nawapa pendekezo la kuokoa hazina yenu: anzisheni kundi jipya la bei, liitwe Maiti. Litazame kwa jicho la mhasibu. Wateja wa kundi hili hawachezei mita. Hawajiunganishii bomba kinyemela. Hawahami bila kuaga, na wakihama mwajua walipo. Hakuna mkaazi wa Mombasa ambaye hatasajiliwa siku moja, hata mameneja. Mkitoza ada ya kujiandikisha tangu mtu anapozaliwa, mtaweza kuziba mabomba yote yanayovuja chini ya barabara na kumwaga yale maji ambayo nyinyi mwayaita yasiyo na mapato, nasi twayaita dimbwi. Siku zenyewe pia ziuzwe: kufa Jumanne kuwe na bei ya juu, kufa Jumapili kuwe kwa rehema na kudura. Tangazo libandikwe karibu na Ngome ya Yesu, pale watu wapumzikapo, kila mtu ajipange. Watalalamika mwanzoni. Lakini watu waliozoea kulipia upepo wa bombani unaozungusha mita watazoea na hili.

Kwa nafsi yangu nataka kitu kimoja: nisife nikiwa ng'ombe wa Idara. Nifuteni kwenye Mifugo, mniletee risiti ya josho yenye jina langu, nami nitailaza chini ya mto ningojee kijacho kwa utulivu.

Msalimie Dancan, umwambie mzee bado hajauzwa. Msalimie Ronald, ngazi zipo, na chai ipo. Salamu kwa wasoma mita wote na kwa fundi anayekuja kila mara kuchimba mahali pasipo na bomba. Nawe nakuomba radhi kwa neno lolote lililozidi, kama mimi nilivyokwisha kuisamehe bili yenu ya Ramadhani.

Wako mtiifu kwa muda uliosalia,
Mbwana Mselem

Nyongeza: Nilimpa Shukri barua hii aitie bahashani. Ameisoma yote, kwa kusimama, kisha akaniambia: "Baba, maji ya kukuosha nimeyaweka tangu ulipolazwa, kwenye pipa la bluu nyuma ya mlango wa choo. Kufa siku uitakayo. Mimi ndiye sijawa tayari." Akaenda jikoni, nikamsikia akipiga vyombo.

Bi Nanjala, pipa hilo nalijua. Kila alasiri, akienda sokoni, ndilo ninaloogea, kwa sababu ya joto. Nilidhani limewekwa kwa ajili hiyo. Limebaki maji ya kulowesha kiganja. Kwa hiyo sina dai tena: josho langu nimekwisha kulioga mwenyewe, kopo kwa kopo, nikiwa hai, na lilikuwa zuri. Puuza namba moja hadi tano. Ila nakusihi, mtufungulie maji usiku mmoja wa wiki hii usio wa mgao, wakati yeye amelala, nilijaze pipa kabla hajalifunua.