Italia ya Jikoni Kwangu

Jumamosi, 4 Mei

Shemeji kaja mchana. Kaka yake mke wangu, kazi yake kukatia watu tiketi za ndege. Hata kwenye kochi letu hunyoosha miguu kama abiria anayesubiri kuitwa. Kasema ana safari ya Italia mwezi huu. Mke wangu akaacha kukunja nguo. Macho yakaenda mbali.

Nayajua macho hayo. Tulipokuwa maarusi, duka letu la miwani lilinipeleka kwenye maonyesho huko, nikaenda naye. Tulikula tambi kwenye kiwanja kidogo, kengele ya kanisa ikilia, nguo za watu zikipepea juu ya vichwa vyetu toka dirisha hadi dirisha. Tangu mama mkwe ahamie kwetu na moyo wake dhaifu, hatujavuka hata mpaka. Haachwi peke yake.

Shemeji akaanza: sasa yeye kapanga hivi. Nikamkatiza, nikamuuliza kama anataka chai. Mtu anayetaka kunichukulia mke simpi nafasi ya kumaliza sentensi.

Jumapili, 5 Mei

Mpango tayari. Mke wangu akitaka Italia, Italia itamfuata. Akishiba hapa, huko atafuata nini?

Nimekanda unga na mayai. Nikausukuma kwa chupa ya soda, nikakata tambi, nikazianika kwenye kamba ya nguo kibarazani. Zikapepea. Nikazitazama mpaka nikasikia kengele.

Ilikuwa ya mlango. Muuguzi wa nyumba ya chini, tambi begani. Kasema, kwa upole kabisa, kwamba sare yake haikuhitaji urembo. Nikaomba radhi. Tambi zilizobaki kambani zikachemka zikawa uji. Mama mkwe kala bakuli mbili. Kasema uji mtamu, ila nyanya za nini.

Jumanne, 7 Mei

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama mkwe, kaja na begi. Hakuna aliyenieleza sababu. Nadhani harufu imemfikia.

Leo mchuzi. Nyanya, vitunguu saumu, mafuta ya zeituni. Nilipochambua majani ya rihani, mke wangu akaingia jikoni, akafumba macho, akaniegemea begani. Akauliza kama namkumbuka yule mhudumu mzee aliyezungumza nasi kwa mikono tu. Namkumbuka. Tukasimama vilevile, sufuria ikitokota, mpaka mchuzi ukashika chini.

Akasema kama aliye usingizini, "Natamani kurudi."

Nimeona kosa. Vitunguu saumu vimezidi. Kesho napunguza.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemwalika shemeji makusudi, ashuhudie kushindwa kwake. Tambi leo zimekubali. Wote walipopakuliwa, nikainuka nikatoa neno: Italia yangu iko jikoni, mimi siendi popote, na mwenye akili haachi chakula kama hiki akapanda ndege.

Shemeji akaniuliza, "Una hakika, shemeji?"

Nikamwambia kama ninavyolijua jina langu.

Akamgeukia mama mdogo: basi ile nafasi ya pili aichukue yeye. Mama mdogo akaitikia na tambi bado zinaning'inia mdomoni.

Mke wangu ndiye aliyenifafanulia, akiitazama sahani. Nafasi zilikuwa mbili. Moja yake, moja yangu. Mama mdogo aliitwa aje akae na mama.

"Kila tukitaka kukuambia," akasema, "unatupakulia."

Nikasema nilikuwa natania. Lakini mama mdogo alikwisha kuuliza kama huko kuna baridi. Hajapanda ndege maishani. Mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, nani atamnyang'anya nafasi hiyo sasa. Si mimi. Nikakusanya vyombo.

Jumamosi, 18 Mei

Mke wangu kapiga simu. Yuko kwenye kiwanja kilekile. Mkahawa wetu siku hizi ni duka la viatu, ila kengele bado ni ileile. Akaiinulia simu niisikie. Mama mdogo kashapata rafiki, wanacheka bila lugha. Halafu akasema kiti cha pembeni yake kitupu. Nikaendelea kukoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Mama mkwe akataka nimweleze mahali hapo palivyo. Tukakaa dirishani. Nikamweleza mawe ya chini, njiwa, mwanga ulivyogeuka rangi ya asali jioni ile. Akasinzia akitabasamu. Nikaendelea kueleza.

Shemeji naye kapiga baadaye. Mwakani anakwenda Ureno, na safari hii anataka kunieleza mapema. Nikamkata kauli. Nikamwambia nimeshaelewa, asijisumbue, kisha nikamuaga kwa adabu.

Ureno. Huko wanakula samaki, nasikia. Jumatatu nafika kwa muuza samaki kabla ya kufungua duka. Mwaka mzima ninao. Mke wangu hatoki tena.