Malalamiko Dhidi ya Kengele Isiyosahau

Kwako Mwalimu Mkuu,

YAH: KUONDOLEWA KWA KIDUDE CHA KUMBUKUMBU KWENYE MASHINE YA KENGELE

Pokea salamu kutoka stoo, tulikohamishiwa mimi, nyundo yangu na kile chuma changu cha kengele. Mimi ni mpiga kengele wa shule hii, mwaka wa kumi na tisa sasa. Najitambulisha kwa sababu tangu mashine ije naona watu wameanza kunisahau, na kusahau kulikuwa kazi ya mashine, si ya watu.

Mashine hiyo ilitengenezwa na mpwa wangu, yule fundi redio mnayemwita Waya. Nilimlea mwenyewe, nikamleta kwako mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako! Mwanzoni ilikuwa mashine ya heshima zake. Kila umeme ulipokatika, ilisahau ratiba yote: saa inaijua, lakini haijui kama saa nne ni mapumziko au ni hisabati. Basi naitwa. Nakuja na miwani yangu, nabonyeza vitufe, naiingizia ratiba upya, na walimu wamesimama mlangoni wananisubiri mimi. Kisha Waya akaichomelea kidude cheusi chenye miguu minane, kinachotunza ratiba hata umeme usipokuwepo. Sijaitwa tena. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kidude kiko nje ya ubongo. Waya amekiri kwa mdomo wake: ubongo wa mashine ni kile kipande kikubwa, kumbukumbu imewekwa pembeni, na vinaulizana kwa nyaya. Nakuuliza kwa adabu, ni kiumbe gani mwenye akili timamu anaweka kumbukumbu zake nje ya kichwa? Mimi ratiba ninayo humu humu kichwani na sijawahi kuchomelewa kitu.

2. Hakijui mkubwa wala mdogo. Siku ya mkutano wa wazazi ulikuwa umefika kwenye "kwa kumalizia" yako ya tatu, hotuba ndiyo kwanza imenoga, mara mashine ikalia. Wazazi wote wakainuka kwa furaha isiyo na kifani na kwenda zao. Mimi ningekusubiri. Katika miaka yangu yote nimewahi kukusubiri hadi saa nane, na hakuna mzazi aliyelalamika akiwa macho.

3. Hakifundishiki. Kwa nia njema kabisa, nilizima swichi kubwa ya shule mara nne ili kukipa nafasi ya kusahau kama wenzake. Najua mashine ya kusaga ya jikoni ilisimama, na najua karani alipoteza barua aliyokuwa anaichapa tangu asubuhi. Hizo ni gharama za utafiti. Kila nilipowasha, kidude kilikumbuka ratiba mpaka ile ya Ijumaa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kiburi hicho, Mwalimu Mkuu, kingekuwa cha mwanafunzi ungekwisha kumwita mzazi wake.

4. Kimeingia nyumbani kwangu. Mama watoto alipopata habari zake alimwita Waya, akamkaribisha chai, akamuuliza kama mimi naweza kuwekewa kimoja. Hakuwa anatania. Eti kitu chenye miguu minane kinakumbuka shule nzima, na mwenye miguu miwili ametumwa sabuni mara tatu akarudi na kiberiti. Waya, badala ya kumtetea mjomba wake, akasema atatafuta namna. Nyumba ikacheka. Sikucheka.

5. Kimenipa kazi ya kudhalilisha. Sasa natakiwa kuifuta mashine vumbi kila asubuhi kwa kitambaa laini, bila kugusa vitufe. Mimi, niliyekuwa nikinyanyua nyundo watoto mia sita wanakimbia! Sikufichi, inauma. Juzijuzi mtoto wa darasa la kwanza aliniuliza mimi ni mwalimu wa nini, nikamwonyesha kitambaa.

6. Na leo kimedhihirisha hatari yake kwa taifa zima. Leo Jumatatu, saa mbili kamili, nimesimama mbele ya mashine na kitambaa changu: kimya. Saa mbili na robo: kimya. Kidude chenu cha kujisifu kimesahau! Nikakimbilia stoo, nikatoa chuma, nikatwanga nyundo mpaka bega likaniuma. Hakuja mwanafunzi hata mmoja. Hakuja mwalimu. Mashine hiyo imeua nidhamu ya watu kiasi kwamba hata kengele halisi hawaitambui tena. Leo ni shule; kesho hospitali, keshokutwa mahakama, na mwisho wake nchi nzima itakaa kitandani ikisubiri kidude.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: kidude king'olewe hadharani, Waya apewe onyo la maandishi, nami nirudishwe mlangoni pangu na nyundo yangu. Itangazwe pia mstarini kwamba binadamu hasahau.

Nisalimie walimu wote, karani (pole yake), wapishi na mke wako. Nakutakia wiki njema ya masomo.

Wako katika kazi,
Mpiga Kengele (halisi)

Baada ya kutia sahihi: Nimeileta barua hii ofisini kwako, nimekuta kufuli. Mlinzi ananiambia shule ilifungwa Ijumaa, na kwamba ulitangaza mstarini nikiwa nimesimama kando yako. Nimerudi kuitazama mashine vizuri, safari hii na miwani. Kwenye kioo chake imeandika LIKIZO.

Mlinzi ameahidi kutomwambia mama watoto. Basi hilo la kung'oa tuliache kwanza. Waya aliwahi kuniambia kidude kina nafasi ya mambo elfu mbili na shule imetumia kumi na manne tu. Kama si usumbufu, mwambie aniwekee humo siku ya kufungua, kwa herufi kubwa. Nitakuwa napita kila asubuhi kuisoma.