Suti ya Werema

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Nimechaguliwa. Madam Kauthar amesoma majina mbele ya kidato cha nne kizima: dansi la mahafali Jumamosi litafunguliwa na Machage na Salome. Machage ni mimi. Simioni, ambaye baba yake ananunua dhahabu na ana pikapu, alikohoa kwa muda mrefu. Nilimwonea huruma kidogo, si sana.

Mambo ya dansi kayaleta mwalimu mkuu, Mwalimu Elibariki, aliyehamia hapa kutoka Moshi mwaka huu. Anasema mahafali ya kula pilau na kutawanyika yamepitwa na wakati. Tutacheza wawili wawili, kwa heshima, wavulana ndani ya suti. Kati ya mvulana na msichana lazima ipite rula ya ubaoni. Kwenye mazoezi rula anaishika mwenyewe.

Shida ni moja. Sina suti. Nina sweta la shule na fulana yenye jina la benki ambayo sijawahi kuingia. Simioni ameshatangaza kwamba suti yake imetoka Nairobi, ikapitia Sirari, na ina vifungo vya akiba kwenye mfuko. Vifungo vya akiba! Anategemea kucheza vipi?

Nina mpango. Mpango wenyewe unaitwa Werema.

Jumanne, 6 Oktoba

Baada ya masomo nimepanda machimboni, upande wa Genkuru, kumwona kaka. Werema aliacha shule akiwa kidato cha pili, mwaka aliofariki baba. Alisema shuleni anatosha mmoja. Hajawahi kuyarudia maneno hayo tangu siku ile, na hilo ndilo linaniuma kila ninapofeli hesabu.

Suti ipo. Aliinunua mwaka jana, siku duara lao, yaani shimo lao, lilipotema dhahabu kwa mara ya kwanza. Aliivaa dukani, akarudi nayo shimoni, akasherehekea nayo siku tatu bila kuivua. Tangu hapo imetundikwa kwenye msumari kambini na haijaguswa na maji. Hiyo ni sheria ya wachimbaji wote saba wa duara lile: kitu kilichokuwepo siku lilipotema hakifuliwi mpaka litakapotema tena. Sabuni inafukuza dhahabu. Hata wao wenyewe kuoga ni kwa kuibia.

Werema alipoitoa msumarini wenzake sita walisimama wote. Aliyeniokoa ni Cleophas, mkubwa wao, mtu wa watoto wanne. Aliwaambia mtoto anamaliza shule, acheni avae. Werema akanipa maagizo: nivae, nicheze, nirudishe. Nisifue. Nikaapa kwa kaburi la baba.

Ni ya kijivu, sufu tupu, na imenikaa kama nimepimwa mimi. Inanuka pombe, moshi, jasho la watu saba, na kitu cha nne ambacho bado nakifikiria.

Jumatano, 7 Oktoba

Cha nne ni mbuzi.

Nimelijua hilo mazoezini, mbele ya watu. Mama yake Salome ni nesi wa zahanati, na nyumbani kwao kila kitu kinachemshwa. Salome alinyoosha mkono, akanikaribia, akamwomba Mwalimu Elibariki kwa adabu kama tunaweza kuwekewa rula mbili. Darasa liliangua kicheko. Baadaye aliniita pembeni, wala si kwa ubaya. Aliniambia anapenda kucheza na mimi, lakini amejaribu kubana pumzi na haifiki mwisho wa wimbo. Simioni, ambaye hakuitwa, alijitokeza kueleza kwamba suti yake bado inanukia duka.

Nimeifukiza kwa majani ya mpera. Nimeitundika kwenye upepo. Mbuzi wa jirani alikuja, akainusa, akabaki pale kama amekutana na ndugu. Bibi Mogesi, ambaye tunaishi naye, amesema zamani ilinuka shimo na sasa inanuka shimo lenye mapera.

Basi nimekaa na kufikiri. Werema anaogopa nini hasa? Anaogopa wenzake wasije wakajua suti imefuliwa. Kufua na kujulikana ni mambo mawili tofauti. Nitafua, nitakausha, nitacheza. Jumapili nitaipaka udongo wa machimboni, nitaifukiza, nitaimwagia pombe kidogo, na mbuzi yupo. Itarudi msumarini ilivyotoka. Hakuna atakayeumia. Sielewi mtu mwenye kichwa hiki alipataje F ya Uraia.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimefua asubuhi. Maji ya moto, maana nimejifunza kwa akina Salome. Sabuni mche mzima na nusu. Maji yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nimeshainamisha beseni niyamwage Bibi Mogesi alipopiga ukelele jikoni kama ameona moto.

Hapa kwetu hakuna anayemwaga maji ya nguo za mchimbaji. Nilisahau. Bibi alileta karai, akakaa chini, akakunja khanga magotini. Akawa anazungusha maji taratibu na kumwaga ya juu kidogo kidogo, hana haraka na mtu. Mwishoni ilibaki punje moja ya dhahabu, ndogo kuliko kipande cha mchele. Aliifunga kwenye pindo la khanga, akasema sukari yake imepatikana. Kisha akaniuliza kama Werema hana suti nyingine.

Hadi adhuhuri walikuwa wamefika majirani watatu kuulizia kama suti itasuuzwa tena. Mmoja alijitolea kuifua bure kila wiki. Nilikana kwamba kuna suti, huku nimeificha nyuma yangu na maji yananitiririka miguuni.

Alasiri imekauka. Imerudi. Mikono inaishia chini kidogo ya kiwiko, na suruali inaishia pale soksi za mpira zinapoishia. Nimekanyaga ncha moja na kumwomba Bibi avute nyingine. Amesema umri wake wa mieleka umepita.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimeikimbiza kwa fundi Athuman, senta. Aliniuliza ni ya mdogo wangu yupi. Nilipomweleza alivua miwani. Alisema yeye anaweza kukata kitambaa na kuunga kitambaa, lakini kukibembeleza kiote hawezi. Mwishowe ameunga mikono na miguu kwa kaptula yangu kuukuu ya shule ya msingi. Kijivu, kisha kaki. Aliwahi kuwashonea maharusi Tarime mjini, kwa hiyo ameniomba nisimtaje.

Nikiwa palepale ililetwa habari. Duara la akina Werema limejaa maji. Jana mchana walitoboa mkondo chini ya mwamba, wakatoka mbio. Wote wazima, namshukuru Mungu. Lakini kazi ya miezi imezama, na walikuwa wamekaribia.

Jana usiku walifanya kikao. Maji ya namna ile hayaji bure, lazima kuna mtu kati yao kagusa sabuni. Cleophas akakiri kwamba Jumapili alioga ili aende kanisani. Wamemfukuza kwenye duara. Cleophas, aliyesema mtoto aachwe avae.

Nimekaa kwenye benchi la fundi nikihesabu saa. Nilifua asubuhi. Maji yalikuja mchana. Maji ya chini ya ardhi hayana habari na beseni langu. Hiyo ni Jiografia, tumeisoma, na kwenye swali hilo nilipata vyema. Ninaijua kabisa. Sasa ugali umenishinda kwa nini?

Nimeamua kusema ukweli. Nitausema kesho baada ya dansi. Umekaa siku moja, hautaharibika kwa siku ya pili.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nitaandika yote, hata yasiyonipendeza.

Dansi lilianza saa tisa alasiri, kwa kaseti na betri ya gari. Salome alivaa gauni la buluu. Aliponusa na kukuta sabuni tu alitabasamu kwa dhati, na kwa muda ule nilijiona sijakosea kitu. Nilinyanyua mkono kuuweka begani kwake. Nikasikia mgongo wa koti ukiachia, kutoka kola mpaka kiunoni. Tulikwenda hatua sita. Salome aliniuliza polepole kama huko nyuma sisikii baridi. Mwalimu Elibariki alikuja, akaniziba mgongo kwa rula yake, akaona haitoshi, akamwita Simioni.

Simioni anacheza vizuri. Nimesema nitaandika yote.

Ndipo nilipomwona Werema. Alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya wazazi, udongo umemkaukia hadi magotini, kofia mkononi. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka machimboni. Yeye hakufikia mahafali, na nadhani ndiyo maana hakutaka kupitia nyumbani kubadili, asije akachelewa ya kwangu.

Nilimfuata, nikampa shikamoo. Akaitikia, akasema nimependeza. Kisha akaishika ile kaki ya mkononi, akaigeuza. Akainua kola ya koti, akainusa.  Nilingoja anipige, na ningeshukuru.

Aliniuliza siku gani. Nikasema Alhamisi. Akaniuliza asubuhi au jioni. Nikasema asubuhi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu na amekipata. Alisema Cleophas anaoga kila Jumapili, wote wanajua, na hakuna aliyewahi kujali mpaka maji yalipokuja. Walihitaji mtu wa kumlaumu. Nikaanza kumweleza habari za mikondo ya chini ya ardhi. Akanikatiza. Alisema, “Mura, mdogo wangu, mimi sijui kama sabuni inafukuza dhahabu. Najua uliniapia.”

Jumatatu wanaanza duara jipya. Yeye nafasi yake anampa Cleophas, anarudi nyumbani kulima. Ananiomba jambo moja tu: nipande mwenyewe, nikawaambie wenzake kwa mdomo wangu. Nikaahidi. Akauliza kama pilau imebaki.

Nilimpa sahani yangu. Nikaenda kulia nyuma ya darasa la kidato cha pili, na nilikuwa nimeshalia sana ndipo nikakumbuka kwamba hilo ndilo darasa aliloliacha.

Jumapili, 11 Oktoba

Nimepanda. Njia nzima nilikuwa naifanyia mazoezi hotuba, na ilikuwa nzuri, yenye utangulizi na mwili.

Walikuwa wamekaa wote juu ya kifusi, hata Cleophas, ambaye Werema alimwita. Nilianza vizuri. Nilisema wazee wangu, Cleophas hana kosa, kosa ni la suti. Wakaniangalia. Nikaona mikono yao ilivyo. Nikasema suti ilinyeshewa.

Hapa mvua haijanyesha tangu Agosti. Waliangalia mbingu, kisha wakaniangalia mimi. Nilikuwa karibu kuyarudisha maneno mdomoni Cleophas aliposema kwamba mvua ni ya Mungu na haina wa kulaumiwa. Wakaafiki mmoja mmoja. Nafikiri walikuwa wamechoka kumkasirikia. Wakampa mkono, wakamrudishia sehemu yake, na wakasema basi Werema naye abaki na yake.

Werema aliinuka. Aliniangalia mara moja tu. Akachukua sururu yake, akaanza kushuka kwenda nyumbani.

Nilitaka kumkimbilia. Ningemwambia kwamba kwa hesabu zangu mambo yote yamekaa sawa: Cleophas amerudi, hakuna aliyegombana, na nafasi yake ipo. Lakini nilijua angeniuliza swali moja: kwa nini sikusema nilifua.

Kisha manyunyu yakaanza, ya kweli, kama yamekuja kunitolea ushahidi. Cleophas alivua koti lake akanivalisha. Alisema mtoto aliyepanda mlima kumtetea mtu mzima hawezi kuachwa alowe. Ndilo koti alilovaa siku duara la kwanza lilipotema. Analihitaji kesho alfajiri wakianza jipya. Alinisihi nilirudishe kama lilivyo.

Nimefika nyumbani. Werema yuko nyuma ya nyumba anafyeka, hajageuka. Ningemsaidia, lakini nimekaa na kulitazama hili koti na moyo unanichoma. Mtu huyu alinitetea mara mbili, na hajui hata nusu ya ninachodaiwa. Siwezi kumrudishia koti lenye tope hivi. Hiyo si shukrani. Litakauka juu ya jiko kabla hakujapambazuka, na udongo wa kulipaka nimeshachota.

Safari hii natumia maji ya baridi. Kosa halirudiwi.

Bibi Mogesi ameshakaa chini, karai lipo magotini. Nyuma ya nyumba panga limenyamaza.