Mazingira Yapige Hodi

Ndugu wananchi, kata yetu, hapa kati ya Nachingwea na Ruangwa, imewatangulia wote. Tunayo Sheria Ndogo ya Kulinda Mali Binafsi dhidi ya Mazingira, na mazingira yenyewe yameshapewa taarifa kwa kipaza sauti.

Kifungu ni kimoja tu, watu wasichoke: chochote kitakachoingia shambani kwa mtu bila kupiga hodi na kukaribishwa, kikikaa humo ni mali ya mwenye shamba. Sera ya mazingira nayo isimame mpakani kama mgeni mwenye adabu.

Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Hodi. Nilichaguliwa kwa sababu naweza kukaa kutwa nzima naangalia tu, mkutano ukaona hiyo ni elimu tosha.

Kazi ilianza vizuri. Msimu wa kupulizia mikorosho, kila mwenye bomba alisimama mpakani akaita, "Hodi jirani, salfa inakuja!" Jirani akijibu "Isije!", mpuliziaji ilibidi aongee na upepo. Kuku wa jirani yangu Hajra alitaga shambani kwa watu. Yai likapotea kisheria, na kuku mwenyewe akaonywa.

Aliyeipigania sheria ni Mheshimiwa Diwani Masoudi. Afisa mazingira wetu, Bwana Teofili, alikuwa amemkataza kuchimba dhahabu karibu na kijito. Sheria ilipopita, Bwana Teofili akabaki barabarani, na Mheshimiwa akaziba kijito kwa ukuta wa udongo, apate bwawa la kusafishia mchanga wake wa dhahabu. Chini yake, bustani ya Bi Biasha, mjane anayeishi kwa kuuza mchicha, ikakauka.

Bi Biasha akaja ofisini kwa Mheshimiwa, kamati tukiwa tumeketi.

"Mwanangu Masoudi, maji hayo namwagilia tangu wewe hujaenda jandoni."

"Yalipoingia kwangu yalipiga hodi, mama?"

"Maji?"

"Nauliza tu."

"Maji yana mdomo?"

"Basi yamekaa kwangu, ni yangu. Kamati, mmesikia."

Tulisikia. Nje Bi Biasha akaniambia, "Na wewe Swaumu, umekaa pale kama chungu." Nikamweleza kuwa huo ndio msimamo wa kamati.

Mvua ya Januari haikusikia kipaza sauti. Ukuta ukapasuka, na mchanga wote wa dhahabu ambao Mheshimiwa alikuwa hajausafisha ukateremka kwa Bi Biasha, ukakaa. Tope mpaka magotini.

Asubuhi kamati tulikuwa tumeshafika kuangalia, Mheshimiwa akaja mpakani na toroli, kavaa kaunda suti na mabuti mapya.

"Hodi!"

Bi Biasha alikuwa barazani anamenya mihogo. Akachukua muhogo mwingine.

"Hodi, mama! Hodi!"

"Swaumu mjukuu wangu, unasikia kitu?"

"Kamati inasikia, bibi. Ila kukaribisha ni hiari."

Mheshimiwa akamgeukia Bwana Teofili, aliyesimama barabarani kama kawaida. "Wewe! Huu si uharibifu wa mazingira? Toa amri, tope langu lirudi!"

"Mheshimiwa, mimi ni sera. Siingii shamba la mtu."

Hapo Mheshimiwa akaruka mpaka. Alipiga hatua mbili za kiongozi. Ya tatu tope likamshika. Akavuta mguu, buti likakataa. Tukangoja atoke. Hakutoka.

Kamati ikaketi palepale. Je, kimeingia bila kukaribishwa? Kimeingia. Kimekaa? Kilizidi kukaa kila kilipojitikisa. Tukatafuta kifungu kinaposema "isipokuwa diwani". Hakisemi. Tukampa Bi Biasha hongera.

"Jamani, mimi nitamfanyia nini huyu? Hata kulima hajui."

"Atajifunza," alisema Bwana Teofili kutoka barabarani.

Alivutwa kwa kamba, akapewa jembe, maana mali haitolewi shambani bila ridhaa ya mwenyewe. Jua lilipopanda alikuwa anachimba mfereji wa kurudisha maji bustanini, peku, Bi Biasha akimwelekeza toka barazani: "Kushoto, Mheshimiwa. Kushoto kwako, sio kwangu!"

Mchana mkewe, Asmaa, akafika mpakani. Akapiga hodi kwa adabu zote.

"Karibu mwanangu, pita."

"Nimemfuata mume wangu, mama."

"Utampata. Amalize tu matuta."

Asmaa akamtazama mumewe anavyotoka jasho. Akamtazama tena. Kisha akavuta kigoda, akachukua kisu na muhogo mmoja.

"Usimharakishe, mama," akasema. "Akishaiva vizuri, na mimi nina shamba la ufuta."